Pua Mbili Chini ya Gari la Maame Birago

Kule Suame, kwa mafundi wa Kumasi, mwanafunzi haagi kimyakimya. Humwagiwa poda nyeupe kichwani mbele za watu. Lakini kwa Masta Asumadu kabla ya poda kuna mtihani: yeye mwenyewe huharibu kitu kwenye gari la mteja, nawe ukitafute. Ukishindwa, poda inabaki mkebeni na wewe unarudi kuosha nati mwaka mwingine.

Abrafi alikuwa mtu mzima, mwenye mtoto wa kusomesha, na nati alikwisha kuziosha za kumtosha. Mama yake alikaa kwenye benchi amepakata mkebe wa poda. Kando yake alikaa Maame Birago, muuza vitambaa, mwenye gari la turbo ambalo tangu lishuke melini halikuguswa na fundi mwingine ila Masta. Asubuhi hiyo lilikuwa likikohoa moshi mweusi.

"Usije ukabadilisha tairi bure," alisema Donkor, fundi wa jirani, akimega kenkey, donge la mahindi yaliyochachushwa.

"Kaka Donkor, malizia samaki wako, kisha uje unikanyagie mafuta."

Abrafi akaingia uvunguni. Sensa za bomba la moshi, zile pua za injini, zilikuwa mbili, zimefanana kama mayai. Ya kwanza ilikaa mara tu baada ya turbo, kunusa moshi mbichi na kuiambia injini: petroli imezidi, punguza, imepungua, ongeza. Ya pili ilikaa nyuma ya kopo la masega, yale yanayosafisha moshi, kukagua kama umesafika. Hayo aliyajua kwa kukariri, kama sala. Kuyaona hakuwahi.

Akaunganisha kila sensa na mita yake, mita kuukuu za mshale. Donkor akakanyaga. Mishale ikaamka, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Abrafi akasahau poda, akamsahau hata mama yake. Kijichuma chenye masizi, kisichozidi kidole gumba, kilikuwa kinapumua ndani ya joto la kuyeyusha risasi, kinaonja moshi na kupeleka habari bila kuchoka. Miaka yote alikuwa akivifungua vijichuma kama hivi na kuvitupa kwenye chuma chakavu bila hata kuvipa pole.

Akazifuata nyaya kwa kidole, akacheka peke yake.

"Masta, soketi umezipishanisha. Injini inauliza habari za mbele, inajibiwa na sensa ya nyuma. Jibu linachelewa."

Akazirudisha mahali pake, kikohozi kikakoma. Watu wakapiga makofi, na Masta akanyoosha mkono kuupokea mkebe.

Abrafi hakutoka uvunguni. Mshale wa pili ulipaswa kutulia, maana masega hutuliza moshi. Huu ulikuwa unamfuata mwenzake hatua kwa hatua. Akagonga kopo, likalia tupu. Wanunuzi wa chuma chakavu huyalipia masega vizuri, na mkono uliopita hapa ni mmoja tu, wa Masta. Abrafi aliogopa. Angeweza kunyamaza, akapata poda yake, akaenda zake. Akautazama tena ule mshale. Ulikuwa unasema kweli bila kujali nani anasikiliza.

"Masta," akasema, "humu ndani hamna masega."

"Nani kakwambia?" Masta akauliza.

"Sensa ya nyuma."

Mzee akapiga magoti, akaingiza kichwa uvunguni, akaitazama ile mishale miwili. Alipoinuka alimgeukia Maame Birago.

"Maame, niliyatoa mimi. Nilidhani hakuna atakayeona. Nitakuwekea mengine."

Mama yake Abrafi aliukumbatia mkebe. Masta akamwomba ampe, kwa mikono miwili, naye baada ya kusitasita akampa. Masta akammwagia Abrafi poda yote, mpaka kwenye nyusi.

Injini ilikuwa bado inaunguruma, na uvunguni mshale wa pili ulikuwa bado unacheza.