Ngozi za Kukodi Nyahururu

Watu wa mtaa wetu wa Mashimoni wamesahau. Mimi majina ninayo.

Agosti 2007 kwaya yetu ilienda kuona maporomoko ya Nyahururu. Pale juu ya bonde, wacheza ngoma wa Kikuyu huwakodishia wageni ngozi na ngao. Nafuna, fundi wa nguo kutoka Bungoma, alivalishwa, akapakwa chokaa usoni, akapigwa picha maji yakianguka nyuma yake. Akaitundika ukutani.

Januari 2008, baada ya kura, vijana wa mtaa waliingia kwake wakisaka wasaliti waliowaunga mkono Wakikuyu. Mmoja akaing'oa ile picha.

"Mathe, kumbe ulienda kula kiapo cha Wakikuyu?"

Nafuna akacheka. "Kiapo gani? Hizo ni za kukodi! Muulizeni Derrick wa kwaya, naye alivaa."

Derrick alikuwa mlangoni na panga lake. Wote wakamgeukia.

"Ngojeni," akasema, akakimbilia kwake, nyumba ya pili.

"Anaenda kuleta picha yake," Nafuna akawaambia. "Mtaona aibu."

Mimi nilikuwa nje, kati ya milango hiyo miwili. Nilimwona Derrick akiitoa picha yake ndani ya Biblia na kuitia kwenye jiko la makaa. Ilipokwisha kuungua, akabeba jerikeni ya mafuta taa.

"Mimi sijawahi kufika huko," akawaambia vijana. "Huyu ndiye alienda."

Akaanza kumwaga mafuta mlangoni, Nafuna akiwa ndani, akiniita kwa jina nimtetee. Nami nilivaa ngozi zile. Niligeuka, nikaenda zangu.