Bunduki Iliyopona Kabla ya Mwenyewe

Mjomba alikuwa na bunduki ya bolti ya bei ya chini, zile ambazo muuza duka huziegesha nyuma ya mlango ili wenye fedha zao wasizione wakakimbia. Aliinunua alipostaafu udereva, akawa anaitwa na wakulima kuwashughulikia nguruwe pori waliogeuza mashamba ya viazi kuwa jiko lao. Mkewe alikuwa akisema nyumba ikiungua, yeye ataokolewa wa pili.

"Wa tatu," Mjomba alimsahihisha. "Wa pili ni darubini yake."

Mpaka leo nikisikia harufu ya msasa mpya namwona mlangoni mwa karakana yangu ya useremala, kofia imemkaa upande, bunduki tupu begani, bolti, kile chuma cha kuingizia risasi, amekichomoa na kukitia mfukoni. Asubuhi ile hakuniuliza, kama kawaida yake, nimeharibu kitanda cha nani.

"Mpwa wangu, nimeitwa kwenye jaribio. Risasi tatu, zote ndani ya duara la kisahani cha chai. Nikikosa, kibali kimekwenda na uwindaji umekwisha."

"Si unaangusha nguruwe kila mara?"

"Nguruwe hajachorewa duara."

Akanieleza ugonjwa wenyewe. Risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, ilikwenda alikoituma. Ya pili ilihamia kulia. Ya tatu ilikwenda kwa jirani. Yeye alishazoea: ya pili alilenga kushoto kidogo, ya tatu kushoto zaidi, mambo yakaenda. Lakini siku za unyevu hesabu ilikataa, na jaribio lililopita risasi ya mwisho iliramba mstari.

Nilichukua kipande cha karatasi nikakipitisha kati ya mtutu na ubao unaoubeba. Kilipaswa kuteleza hadi ndani. Kiliteleza kidogo tu, upande wa kushoto kikagoma.

"Ubao umepinda, umeulalia mtutu," nikasema. "Mtutu ukipata joto, unasukumwa kulia."

"Umejuaje?"

"Nimekua kitanda kimoja na kaka zangu watano. Mtu wa ukutani akijinyoosha, najua wa pembeni anaangukia wapi."

Tukafungua skrubu. Nilizungusha msasa kwenye kipande cha bomba nikaanza kuparua mfereji wa ubao, polepole, maana mbao ukishaila hairudi. Mjomba alikaa kwenye kigoda, skrubu amezifumbata kama mtoto na peremende, kazi yake kupuliza vumbi. Alilipulizia lote machoni mwangu.

"Mjomba, unanipofusha!"

"Kwani ulikuwa unaona? Nimekalia kigoda chako, kina miguu ya ndugu wa baba mbalimbali."

Tulicheka, tukafanya kazi jioni kadhaa, redio ikikoroma pale dirishani. Jioni zile nikizikumbuka natabasamu peke yangu. Niliupaka ubao vanishi usinywe maji tena, tukakaza skrubu sawasawa, na karatasi ikapita chini ya mtutu kuanzia mdomoni hadi mwisho, bila kugusa.

Kwenye uwanja wa shabaha, mlinzi wa pale aliijaribu kwanza. Risasi zake tatu ungezifunika kwa kizibo cha chupa. Mjomba alirukaruka hadi kofia ikamdondoka. Kisha akalala kwenye mkeka, akapiga yeye. Ya kwanza katikati. Ya pili kushoto. Ya tatu kushoto kabisa, nje ya duara.

"Acha kulenga kushoto!" nikamwambia.

"Silengi!"

Kweli, hakuwa na habari. Mkono ulikuwa unajiendea wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Alirudia, ikawa vilevile. Akarudia tena. Tulikuwa tumeitibu bunduki, tukamsahau aliyeishi na ugonjwa wake miaka yote. Na jaribio lilikuwa kesho.

Mjomba akakaa kitako. "Rudisha ulivyoikuta. Pachika kadibodi pale, iulalie mtutu tena."

"Na kukinyesha usiku, kadibodi ikavimba?"

Sikuwahi kumwona mnyonge namna ile. Mkewe, aliyetuletea maji, alikuwa anatazama matundu kwenye shabaha.

"Hii ya katikati mbona haikosi?"

"Hiyo ni ya kwanza," Mjomba akamkatia.

"Basi kesho piga za kwanza tupu."

Nadhani alikuwa anatania. Lakini Mjomba aligeuka akamtazama, kisha akanitazama mimi.

Kesho yake mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye filimbi shingoni na uso wa Jumatatu. Mjomba alimwamkia, akalala, akapiga. Halafu akaiacha bunduki mkekani, bolti wazi, akainuka. Akarudi hadi langoni, akafuta miwani, akavaa kofia upya, akaja taratibu kama mtu anayefika.

"Habari za asubuhi?"

"Mzee, si tumeshasalimiana?"

"Ndiyo kwanza naingia."

Mkaguzi alitazama saa yake, akatazama kanuni zilizobandikwa ukutani. Hazikukataza salamu. Mjomba akalala, akapiga, akaondoka tena. Aliporudi mara ya tatu, mama wa watu alikuwa ameshakata tamaa: "Nzuri, baba. Karibu." Akapiga.

Mkaguzi alikwenda na pete yake ya waya, akaiweka juu ya karatasi. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mkaza mjomba, au yeye wangu. Matundu yote matatu ndani. Mawili yameungana kama namba nane. Kibali kikagongwa muhuri.

Garini tulipiga kelele sisi wawili. Mjomba, nyuma ya usukani, aliendesha kama anayetoka mazishini.

"Una nini tena?" mkewe akauliza.

"Mtu yeyote sasa anaweza kuipiga hii," alisema. "Ile ilikuwa inanihitaji."

"Mlango wa jikoni haufungiki tangu ulipokuwa dereva. Twende ukahitajiwe."

Mjomba alicheka hadi akasimamisha gari kando ya barabara, paji la uso juu ya usukani, mabega yakimtikisika. Alipotulia, alitia gia, akatuambia tumkumbushe kununua bawaba.