Maji ya Kartie ya Chini

Sévère alikuwa ameshaitia injini ya pampu ya maji ya Uvira mazutu, mafuta ya dizeli, akawa anangojea maneno ya siku hiyo. Kila asubuhi Bwana Pillai, fundi Mhindi wa Umoja wa Mataifa, alimpa Kiingereza kidogo, maana Kifaransa hakukijua na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Sévère aliyapenda maneno hayo kama mtu anayeonja chakula cha ugenini.

Leo Pillai alikuja na mfuko begani. Waasi walikuwa wameshaingia bonde la Ruzizi, na gari la kumpeleka Usumbura, ng'ambo ya mpaka, lilikuwa linanguruma nje.

"You are in charge," alisema, akamwekea funguo mkononi.

Sévère akashangaa. Kwa Kifaransa, "charge" ni mzigo. "Niko ndani ya mzigo?"

Pillai hakuelewa. Akaonyesha pampu, kisha akamnyooshea yeye kidole, akamfundisha jibu: "I accept." Nimekubali. Halafu akaongeza lingine: "I am responsible."

"Responsable ni chefu, mkubwa wa kazi?"

Fundi akatikisa kichwa. Akajifanya anavunja bomba, akatazama huku na huku kama anayemtafuta mkosaji, mwishowe akainua mkono wake mwenyewe. Sévère akacheka. Chefu gani huyo anayeinua mkono? Alirudia maneno yale hadi vumbi la gari likatulia.

Mchana Ildephonse, tarishi wa administratere, mkuu wa wilaya, alileta amri: mazutu ni kidogo, maji yaende mlimani tu, kwenye nyumba za wakubwa. Sévère akafunga robine, koki ya maji ya kartie ya chini, mtaa wa kando ya ziwa.

Haikupita muda, Agathe, mkunga wa maternité, nyumba ya uzazi ya kartie hiyo, akapanda na ndoo tupu.

"Wakimbizi wa Luberizi wamejaa kwangu," alisema. "Kuna mama amezaa sasa hivi, nimemuosha na maji ya ziwa. Wenzake wanahara. Nani amefunga?"

"Ni amri ya administratere, mama."

"Na ufunguo iko kwa nani?"

Sévère alitazama kiganja chake. Kisha akaenda akafungua, na mlimani maji yakakatika.

Jioni administratere alifika mwenyewe, na povu la sabuni limemkaukia shingoni, Ildephonse akimfuata.

"Nani amefungua?"

Ildephonse aliinamisha macho. Sévère angeweza kumsingizia Mhindi aliyeondoka, au bomba bovu. Akainua mkono.

"I am responsible."

"Sema kitu muntu anaweza kusikia."

"Ni minye nimefungua, patron. Kule chini kuna wagonjwa."

"Nani alikuuliza habari ya wagonjwa?" Administratere alimnyang'anya funguo, akamtupia Ildephonse. "Funga. Na weye, usikanyage hapa tena."

Gari lake likapanda mlima. Ildephonse alibaki na funguo, akizipindua moja moja.

"Robine yenyewe iko wapi?" aliuliza.

Sévère akamwonyesha. Ildephonse akaitazama, halafu akaketi juu ya pipa.

"Mwambie Agathe ajaze kila chombo," alisema. "Minye nitafunga kesho."

Sévère akashuka. Alikuwa hana kazi, na wiki ile kazi nyingine Uvira haikuwepo. Uani kwa maternité watu walikuwa wamejipanga kutoka bombani hadi mlangoni, wakipokezana ndoo. Akampa Agathe ujumbe wa Ildephonse. Mkunga alimsogezea nafasi, na ndoo ya kwanza ikamfikia, nzito, imejaa hadi ukingoni.