Jeki ya Maiki ya Rubani Nassib

Mwaka wa tisini na saba nyumba yangu ya Bangwe haikuwa na kona tupu. Rubani Nassib alikuwa chumba cha mbele. Sebuleni walilala Audace, fundi redio kutoka Burundi, na mkewe Révérienne, wametoka kambi ya wakimbizi kwa kibali cha siku tatu. Uvimbe wa shingoni ulikuwa unambana Révérienne pumzi. Ndege ya Nassib ndiyo ingempeleka Mwanza kwa daktari wa upasuaji, naye daktari alikuwa anaondoka keshokutwa.

Asubuhi ya safari Nassib akarudi kutoka kiwanjani amenyong'onyea. Mpakiaji alikuwa ameikanyaga jeki ya maiki ya hedifoni zake, ile ncha ya kuchomeka kwenye redio ya ndege, ikakatika. Bila maiki haongei na mnara wa kuongozea ndege, na asipoongea na mnara haruki.

Nikalisema kibarazani mara moja tu, mtaa ukajua. Wakaleta jeki ya gitaa la kwaya, ya kinanda, ya spika ya muuza kaseti. Zote nene. Tundu la maiki kwenye ndege ni jembamba, na jeki yake ina mikanda mitatu ya kupitisha umeme. Ya kinanda ilikuwa na mitatu, ila unene ukakataa.

Audace akaomba cherehani yangu. Akaibana jeki pale pa kujazia bobini, mimi nikakanyaga taratibu, yeye akaipunguza kwa tupa. Révérienne kakaa mkekani, kila pumzi inapiga mluzi. Hakuna aliyemhimiza mumewe. Saa nne jeki ilikuwa nyembamba ya kutosha, akalehemu nyaya, tukaondoka.

Kiwanjani ikaingia bila kusukumwa. Nassib akaita mnara. Kimya. Akaita tena. Kimya.

Mimi kimya kirefu sikiwezi. Nikamsogelea Révérienne kiti cha nyuma, nikamsimulia habari za Martini, bwana wa mnarani: alivyokwenda kuposa Ujiji na kaka yake, binti akamchagua kaka. Révérienne akacheka huku kashika shingo.

Mara tukamwona Martini mwenyewe anakuja kwa miguu.

"Shikamoo, mama," akaniambia. "Binti hakumchagua kaka. Baba yake ndiye aliyechagua."

Nikaitikia marahaba, macho chini.

Akamgeukia Nassib. "Mnarusha sauti mfululizo, ndiyo maana hamnisikii. Kuna rubani yuko juu ya ziwa, anauliza posa iliishaje."

Audace akaichomoa jeki. Unga wa shaba ulikuwa umeganda kati ya mikanda, ukaziunganisha njia za umeme kana kwamba kitufe cha kuongelea kimebonyezwa muda wote. Akaomba pini ya kitambaa cha mkewe, akaukwangua wote, akapuliza.

Martini akarudi mnarani bila haraka yoyote. Nikamsindikiza kwa macho, nikijua angeweza kutukatalia ruhusa ya kuruka kwa sababu ya mdomo wangu. Nassib akaita, akasikiliza, akainua kidole gumba.

Nafasi ilikuwa ya mgonjwa peke yake. Audace akamwambia mkewe kwa Kirundi aende salama, akafunga mlango, tukasogea pembeni.

Ndege ilipokwisha kuwa nukta, akaniuliza, "Mama, huyo daktari ni mtu wa namna gani?"

Nikamwambia simjui, wala sijawahi kusikia lolote juu yake. Nikamshika mkono, tukaanza kurudi Bangwe.