Mlipuko Juu ya Mpaka wa Theodora

Saa moja na nusu jioni, akishamaliza kukamua, Theodora hukaa uani kwake Uru na kuelekeza darubini kwenye nyota moja. Kusema kweli ni nyota mbili zinazozungukana kwa karibu mno. Moja huinyonya nyingine gesi, na ikishiba hulipuka. Theodora, mjane na mwalimu mstaafu wa fizikia, hulinganisha mwanga wake na wa nyota jirani, kisha huwatumia watazamaji wenzake kipimo kwa simu.

Januari aliwaandikia kwamba imelipuka. Wa Arusha na wa Nairobi walijibu kwamba kwao imetulia kabisa, wakamuuliza kwa adabu habari za macho yake. Yeye alishuku darubini, kisha vidonge vya presha. Mlipuko wa pili ulishuka mpaka shambani, ukaangaza masale tu, ile mimea ya mpaka kati ya kihamba chake, shamba alilorithi la ukoo, na cha shemeji yake Basili. Udongo ulikuwa mbichi shinani. Masale yalikuwa yamesogea hatua tatu, na mibuni kumi na miwili ya marehemu mumewe ilikuwa imebaki upande wa pili.

Basili ni mtu wa salamu nyingi. Tangu msibani Theodora hakuziamini.

Usiku wa mlipuko wa tatu alimwita Mzee Martin, mkuu wa ukoo, aje ajionee. Mwanga uliposhuka, Basili alikuwa katikati yake na jembe, ameshika isale alilong'oa.

“Shikamoo, baba,” alisema.

Mzee aliitikia, akauliza kama mwanga huo hautaunguza maharage. Basili akachuma jani kwenye isale lile lile, akalifunga fundo, akamletea Theodora kwa mikono miwili. Anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi.

“Umelichuma wapi, shemeji?”

“Si hapa hapa.”

“Isale ni isale, mama,” alisema Mzee Martin. “Pokea.”

Alipokea. Mpaka haukurudishwa, kwa kuwa jani likishapokewa shauri limekwisha.

Siku hizi nyota hulipuka karibu kila mwezi, na wenzake bado hawamwamini. Basili huchimba masale wakati mwanga unatosha, kisha huleta jani. Juzi alimpitishia jani dirishani mwa jiko, akiwa amesimama upande wake mwenyewe wa mpaka.