Ukuta Ulioanzia Katikati

Fundi Timazi alikuwa amejenga nusu ya mtaa, na nusu iliyobaki alikuwa ameikosoa. Jina hilo alibandikwa na vibarua wake kwa sababu ya ile timazi, kamba yenye kipande cha risasi ya kupimia wima wa ukuta, aliyotembea nayo mfukoni. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajakaa vizuri atakuwa ameshakwambia kuwa fremu ya mlango wako imelala upande. Watu walimvumilia kwa sababu kuta zake hazikuwahi kupasuka.

Kilichompasukia ni magoti. Daktari hakumung'unya maneno: kwenye jukwaa la ujenzi hapandi tena. Na fundi wa miaka hamsini na minne asiyepanda jukwaani, jamani, ni mtu wa kupewa pole na kiti. Bahati nzuri chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa uashi. Mkuu wa chuo alimpokea kwa mikono miwili, maana hata ofisi aliyokuwa amekaa ilijengwa na Timazi. Ila kanuni ilitaka mwalimu awe amefaulu walau somo moja la sayansi ya sekondari, na sayansi ndiyo aliyoikimbia Timazi tangu ujana wake. Mkuu akakubali kumshikia nafasi mpaka matokeo ya mtihani yatoke, si siku moja zaidi.

Timazi akachagua biolojia bila kufikiri mara mbili. Mkewe alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, mwenye funguo na hadubini, na tena alikuwa halali yake.

"Baba watoto, mimi nikifundisha nagomba," mkewe alimwonya.

"Miaka ishirini na tisa nimeshazoea."

Jumamosi ya kwanza walikuwa wawili tu ndani ya maabara, kwenye meza ndefu zilizobabuka kwa asidi, harufu ya spiriti ikiwawasha pua. Mkewe alimenya ngozi nyembamba ya kitunguu, ile inayokaribia kuwa hewa, akailaza juu ya kioo, akaidondoshea tone la iodini na kuifunika. Timazi akainama kwenye hadubini kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Baada ya kitambo alitangaza kwamba seli zina miguu mingi myeusi.

"Hizo kope zako. Rudi nyuma kidogo, na hilo jicho unalolifumba silo."

Akarudi nyuma, akabadili jicho, na hapo moyo ukamruka. Matofali! Marefu, yamepangwa safu juu ya safu, viungo vimepishana. Alishika penseli kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Kumbe biolojia yenyewe ndiyo hii? Alichora kwa saa nzima, ulimi nje, rula mkononi.

Mkewe aliutazama mchoro kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

"Hii ni nini?"

"Seli za kitunguu."

"Hili ni bafu letu, baba watoto. Umeliweka mpaka lipu."

"Zilikuwa zimepinda pinda, nikazinyoosha."

"Na viini viko wapi? Kila seli ina kiini, kile kidoa cha mviringo."

"Kile? Kile ni uchafu. Mimi nikikabidhi ukuta huwa naufuta kwanza."

Akapata sifuri juu ya kumi. Timazi alikasirika hata masikio yakamcheza. Miaka thelathini anatazama kuta, leo anaambiwa haoni! Mkewe hakubembeleza. Alichukua kijiti, akamwamuru afungue kinywa, akamkwangua ndani ya shavu kwa upole uliowashangaza wote wawili. Akapaka kile alichokwangua juu ya kioo kingine, akaweka na rangi.

"Haya, tazama. Hizo ni zako mwenyewe."

Timazi alitazama, akainua kichwa, akatazama tena. Hapakuwa na ukuta wala safu. Palikuwa na vitu bapa vilivyosambaa ovyo, kama uji uliomwagika sakafuni, na kila kimoja kikiwa na kidoa chake.

"Ukuta uko wapi?"

"Mimea ina ukuta wa seli. Wanyama hatuna, tuna utando laini tu."

"Sasa mimi nimesimama kwa nini?"

Hakuwa anatania. Aliogopa kweli. Alijishika mkono, akaubonyeza, akamtazama mkewe kana kwamba yeye ndiye aliyemwondolea nguzo. Mkewe akavuta kigoda, na kwa mara ya kwanza siku ile akazungumza bila kugomba.

"Usione haya. Wenye akili zao walichanganyikiwa karibu miaka mia mbili. Wa kwanza alikata kipande cha kizibo cha gome la mti, akakiweka chini ya hadubini, akaona vijumba vitupu. Akaviita vyumba vidogo, ndiyo jina la seli lilipotoka. Hakujua anaangalia mahame, wenyewe walishakufa kitambo."

"Kwa hiyo naye aliona kuta tu."

"Kuta tu. Akaja mwingine akachungulia maji ya dimbwi, akakuta vidudu vizima vinaogelea, na asijue kwamba kila kimoja ni seli inayojitegemea. Miaka ikapita ndipo mtu akakitilia maanani kile kiini ulichokifuta wewe. Kisha mmoja akasema mimea yote imeundwa kwa seli, mwenzake akasema na wanyama pia. Hapo ndipo ikawa nadharia: kila chenye uhai kimeundwa kwa seli, moja au nyingi, na seli ndiyo kipande kidogo kabisa unachoweza kusema kinaishi."

"Na anayezipanga nani?"

"Swali lako liliwatoa jasho. Wale wawili walidhani seli mpya inagandamana kutoka kwenye majimaji, kama chumvi inavyoganda maji yakikauka. Wakakosea. Waliokuja baada yao wakaonyesha kwamba seli hutoka kwenye seli. Iliyopo inagawanyika, zinakuwa mbili."

"Tofali linazaa tofali?"

"Ndiyo."

"Bila mwashi?"

"Bila mwashi."

Timazi akarudi kuinamia hadubini. Wiki zote zilizofuata aliyakariri maneno hayo akioga, akila, akifunga kamba za viatu, na kadiri alivyoyakariri ndivyo yalivyokataa kumwingia. Tofali likigawanyika kwa ujuzi wake wote ni tofali lililovunjika, unalitupa. Angeweza kuyaandika bila kukosea nukta, lakini hakuyaamini, na mtu wa timazi kuandika asichokiamini kulimkera hata usingizi ukamruka.

Siku ya mtihani wa vitendo alikalishwa jirani na karani mmoja wa posta aliyekuwa na penseli sita zilizochongwa kama mikuki. Swali lilikuwa fupi. Kila mtahiniwa alikuta hadubini yenye ncha ya mzizi wa kitunguu iliyokwisha kuandaliwa. Achague seli moja inayogawanyika, aichore kama anavyoiona, kisha aeleze seli mpya hutoka wapi. Dakika arobaini.

Timazi akasogeza kioo polepole, safu baada ya safu, mpaka akakuta seli moja iliyomshangaza. Ilikuwa na vidoa viwili, kimoja huku na kimoja kule, na katikati yao kijistari chembamba. Aha, ukuta mpya! Mkono ukachukua rula wenyewe. Akapiga mstari safi kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaunganisha kona, akasawazisha. Ukuta kamili. Zilibaki dakika kumi na mbili, na alikuwa ametulia kabisa.

Akatazama mara ya mwisho, kwa mazoea ya mtu anayekagua kazi kabla ya kukabidhi.

Kile kijistari hakikugusa pande. Kilikuwa kinaelea katikati, ncha zake hazijafika popote. Timazi akafikicha jicho. Hakuna mwashi duniani anayeanzia katikati! Unasimamisha kona kwanza, unavuta kamba, ndipo unajaza. Ukuta ule ulikuwa umeanza pasipo kona wala kamba, na ulikuwa unakwenda kuzitafuta pande wenyewe. Jasho likamtoka. Huenda kioo kilikuwa na hitilafu. Huenda lilikuwa jicho lake. Karani wa posta pembeni alikuwa amepiga mstari mpaka ukutani, tena kwa wino. Mchoro wa Timazi ulikuwa mzuri, ulikuwa na maana, na ulikuwa wa uongo.

Akafuta yote. Akachora upya bila rula, seli ikatoka imepinda kama ilivyokuwa, na katikati akaacha kile kijistari kikining'inia bila kushika popote. Kuchora kilema kile kulimuuma. Msimamizi aliposema kalamu chini, chini ya mchoro alikuwa amewahi kuandika sentensi moja tu: "Seli hutoka kwenye seli, nimeiona inajijenga kuanzia katikati, sielewi."

Alipofika nyumbani hakuvua viatu.

"Nimeharibu, mama watoto. Ukuta sikuumaliza. Na nimewaandikia kwamba sielewi."

Mkewe alimwomba amchoree. Alipouona mstari ule akafunika mdomo kwa kiganja, maana ndivyo hasa ukuta wa seli ya mmea unavyoanza, lakini hakumpa matumaini, kwa sababu wasahihishaji nao wana mambo yao.

Miezi mitatu baadaye matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya elimu. Pasi ilikuwa arobaini. Mkewe ndiye aliyesoma, kwa maana Timazi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nje, amewapa watu mgongo, magoti yanamuuma.

"Arobaini na moja," mkewe akasema.

"Soma tena."

"Arobaini na moja, baba watoto. Umepita. Chuo ni chako."

Timazi akashika kichwa kwa mikono miwili na kulia waziwazi, watu wakipita. Mkewe akakaa karibu naye, bega kwa bega, akamwacha amalize. Alipomaliza akapenga kamasi, akakunja uso, na mkewe akajua kuna jambo.

"Seli inatoka kwenye seli."

"Ndiyo."

"Na hiyo nayo ilitoka kwenye nyingine, na nyingine, na nyingine."

"Ndiyo."

"Sasa ile ya kwanza kabisa ilitoka wapi?"

Mkewe akamfuta kamasi iliyobaki kwa ncha ya khanga.

"Hilo hawajui. Wanakisia, lakini wanaojua hawapo."

"Hawajui?" Timazi akageuka mzima mzima. "Wao wenyewe hawajui, na mimi wakanikata alama hamsini na tisa?"

Akasimama kwa kujishikilia bega la mkewe, akaanza kupanda zile ngazi kwenda kuwauliza.