Helmi Iko Nani?

Mi sikumuamini hata siku moja. Muzungu anatoka Finlande, anasema kazi yake ni kuandika nyimbo, lakini haimbi. Anaandika na filme, lakini ndani ya filme haumuone hata mukono. Aka! Muntu wa namna gani huyo? Na njo yeye anataka kunitwalia mudogo wangu Delphine, mwenye nilimulea tangu mama alitukufia!

Tuomo alikuya Lubumbashi kuandika filme. Delphine alikuwa anashonea bachezaji ba ile filme nguo pale Kamalondo. Njo bakapendana.

Siku Tuomo alileta vinywaji vya kuposa, nilifunga kitenge yangu vizuri, nikatoa simu mbele ya jamaa yote. Nilikuwa nimetafuta wimbo yake yenye inajulikana sana kwabo. Nikaiweka. Muimbaji alikuwa analia: "Helmi… Helmi…"

"Shemeki," nikamuuliza, "Helmi iko nani?"

Huku kwetu jina haiingie ndani ya wimbo bure. Ao muntu alilipa ili muimbaji ataje jina yake, ao iko bibi wa mwenye wimbo. Baba mudogo Donat akaweka glasi chini. Delphine akaniangalia na macho ya kuniua.

"Hakuna Helmi," Tuomo akajibu na Kifaransa yake ya polepole. "Nilimutunga. Mimi naandika tu bantu benye habako."

"Na Delphine? Miaka mbili, hukumuandikia hata neno moja?"

"Nilijaribu. Inakatala. Iko karibu sana."

Maneno tamu! Muntu mwenye analilia mwanamuke mwenye hayiko, tutajua namna gani siku anasema kweli? Lakini Baba mudogo akauliza Delphine, vile desturi inaomba: "Tukunywe, ao tusikunywe?" Naye akafungua chupa na mukono yake mwenyewe, anacheka. Nikakunywa.

Bakaenda Finlande. Kila wimbo mupya ya Tuomo, naitafuta, nasikiliza jina. Delphine anachekelea ku simu: "Yaya, dada yangu, weye ni polisi!" Kisha Helmi kukakuya Saimi, kisha wengine. Hakuna mwenye alikuwa mudogo wangu. Nilikuwa nalala vizuri.

Juzi wimbo ingine ikatoka. Niko nasonga bukari, ugali yetu, simu iko pembeni. Muimbaji akaanza polepole, halafu nikasikia: "Delphine… Delphine…"

Nyumba yote ikapiga makofi. Baba mudogo akasimama, akacheza. "Lydie, unaona sasa? Anamupenda!"

Mi nikazima moto, nikaenda kutandika kitanda ya zamani ya Delphine.